Kupima tochi: simu inatosha, au ununue luksimeta?

Boksi la tochi linalouzwa Birere, mtaa wa soko wa Goma, linaweza kuandikwa "lumeni 10000" bila haya (lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye tochi). Hesabu ndogo inalitia shaka: betri moja ya 18650 yenye volti 3.7 na ampea-saa 2.6 haifiki hata wati-saa 10, na LED nzuri hutoa lumeni kama 100 kwa kila wati. Lumeni 10000 zingedai wati 100. Betri ingeisha kwa dakika sita, kama haijaungua kwanza. Ila hesabu hiyo haimwambii mlinzi wa usiku wala mvuvi wa sambaza (samaki wadogo) kwenye ziwa Kivu mwanga utashika hadi saa ngapi. Hapo kunatakiwa kipimo, na mafundi wa Goma wanagawanyika: simu au luksimeta, kifaa maalumu cha kupima mwanga?

Wa simu wana hoja. Android nyingi zina jicho la mwanga juu ya kioo, na programu za bure hulisoma. Kama unataka kujua tu tochi ipi inaishinda nyenzake, tumia simu ileile, umbali uleule, pembe ileile, na uwiano utakaoupata unafaa. (iPhone ni habari nyingine: programu za nje hazipewi jicho hilo, basi zinakisia kwa kamera.) Simu hushindwa pale unapotaka kurekodi. Jicho la Android hutuma namba pale tu mwanga unapobadilika. Tochi ikitulia, faili lina mapengo. Tochi kali ikisogezwa karibu mno, namba hufika kikomo na kuganda.

Luksimeta ina kuba nyeupe inayopokea mwanga wa pembeni, na kichujio kinachoiga jicho la mtu. Lakini usiabudu ile "±3%" ya kwenye boksi, yaani kosa linaloruhusiwa. Vifaa vingi husawazishwa kwa taa ya waya yenye rangi ya joto ya kelvini 2856 (mwanga wa manjano), na LED nyeupe ina buluu nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo kosa linaongezeka. Kwa tochi nyekundu au buluu linakuwa kubwa kabisa. Kwa kulinganisha tochi, kosa lisilobadilika si la kuogopesha sana. La kuogopesha ni kifaa kujizima. Luksimeta nyingi hulala baada ya dakika chache kulinda betri yao, na ukirudi baada ya saa tatu unakuta mistari michache tu ya rekodi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji jinsi ya kuondoa kujizima huko, mwambie akuonyeshe palepale dukani. Angalia pia kama unaweza kufunga kiwango cha kusoma kwa mkono, maana kikijibadilisha chenyewe mstari wa grafu unaruka bila tochi kufanya lolote. Na kama hakuna USB wala kumbukumbu ya ndani, umenunua kipimo cha kutazama tu.

Kupima mwonzi, usikae mita moja. Kosa la sentimita 5 hapo hupotosha jibu kwa karibu asilimia 10. Kwenye mita 5 ni asilimia 2. Tena tochi yenye kioo kipana haijakusanya mwonzi wake kwa umbali mfupi. Ukisoma luksi 324 (luksi hupima mwanga unaoangukia mahali) kwenye mita 5, zidisha kwa 25, yaani 5 mara 5: kandela 8100, ndiyo nguvu ya mwonzi wenyewe. Kipeuo chake cha pili ni 90, mara mbili ni mita 180. Huo ndio umbali ambao mwanga unashuka hadi luksi 0.25, kipimo kinachotumiwa na kanuni ya ANSI FL1 ya Marekani.

Kurekodi muda ni rahisi zaidi. Chumba chenye giza, tochi iangalie dari nyeupe, kipima-mwanga chini kikiwa kimekingwa kisiguswe na mwonzi wenyewe. Rekodi kila sekunde 10; saa tatu ni mistari 1080. Usichukue sekunde za kwanza kama kipimo cha mwanzo, kwa sababu LED hupungua inapopata joto. FL1 hupima lumeni kati ya sekunde 30 na dakika 2, na huhesabu muda hadi mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa sekunde ya 30. Pazia likitikisika au mtu akifungua mlango, grafu inaonyesha.

Lumeni kamili hazipatikani kwa njia hizi. Zinataka tufe la kuchanganya mwanga, au bomba la PVC lenye kona, lililosawazishwa kwa tochi ambayo lumeni zake zinajulikana: kama tochi ya lumeni 500 inasomeka luksi 250, kila usomaji unazidishwa kwa 2, mradi jicho halijasogezwa hata kidogo.