Proforma ya pikapu mpya isomeke mstari kwa mstari

Ukitaka kuagiza pikapu ya mtumba kutoka Japani, uwe Sakina ya Arusha au Pasua ya Moshi, utaijua bei yake mapema kuliko mtu anayenunua mpya kwa wakala hapa hapa nchini. Mtumba unauzwa na picha zake, mwaka wake, ukubwa wa injini na bei mpaka bandari ya Dar es Salaam. Unaingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA), unachagua aina ya gari, mwaka, mafuta na ukubwa wa injini, kodi inatokea. Jumlisha na gharama za bandari na za wakala wa forodha, basi. Anayetaka gari jipya, ambaye ndiye anayetoa pesa nyingi, anapewa proforma, yaani karatasi ya bei ya kabla ya kununua, yenye jina la daraja la gari, orodha ndefu ya vifaa visivyo na bei, na jumla kule chini. Hili si haki, na wanunuzi wa Arusha na Kilimanjaro tumelivumilia mno.

Huku pikapu ni gari la kazi. Inashusha ndizi kutoka Marangu, inatoa vitunguu Mang'ola, inabeba maziwa, pumba, mbolea na mahema ya watalii. Masika ikikolea, njia za Kibosho na Old Moshi zinakuwa utelezi mtupu wa udongo mwekundu, na hapo ndipo unapojua kama gari lako lina kile ulicholipia. Mtu wa kazi hizi anahitaji 4x4, springi za nyuma zenye nguvu, bodi ndefu, na difu loki, yaani kile kifungio kinachoyalazimisha matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja moja linapoanza kuteleza. Kiti cha ngozi hakimsaidii chochote.

Mjomba wangu ana kahawa na ng'ombe wa maziwa huko Kibosho. Alikwenda kuulizia pikapu mpya, nami nikamsindikiza. Alitaka 4x4, gia za manyuo na difu loki. Daraja la chini lilikuwa na viwili vya kwanza. Cha tatu kilipatikana ukipanda daraja, na ukipanda unapokea pia rimu za kung'aa, skrini kubwa, kamera ya nyuma na ngazi za pembeni.

"Binti yangu, hiyo difu loki siwezi kuipata yenyewe tu?"

"Haiuzwi peke yake, mzee. Iko kwenye pakiti."

"Na pakiti ni shilingi ngapi?"

"Imo humo humo kwenye bei, mzee."

Yule binti alikuwa na adabu na alijibu alivyofundishwa. Simlaumu. Ila mjomba aliuliza bei na hakupewa bei, na mtu anayekaribia kutoa akiba ya misimu kadhaa ya kahawa hastahili kujibiwa hivyo.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukitazama kodi. Pikapu inayoingia nchini inatozwa ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa asilimia 25 ya thamani yake. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani hiyo pamoja na ule ushuru. Kifaa cha shilingi 1,000,000 kilichofungwa kiwandani kinakuwa kimefika shilingi 1,475,000, na hapo hujaweka tozo nyingine wala faida ya muuzaji. Rimu za kung'aa zimelipiwa ushuru. Skrini imelipiwa ushuru. Mjomba angevilipia vyote hivyo ili apate kifungio kimoja ndani ya difu.

Sasa fikiria ngao ya mbele, kava la bodi, kerieri, ndoano ya tela. Hivi mafundi wetu wanavitengeneza. Arusha hii kuna gereji zinazokata chesesi ya Land Cruiser, zikairefusha, zikaweka paa la kuinuka kwa ajili ya watalii, na magari hayo yanakwenda Serengeti na kurudi mwaka baada ya mwaka. Mafundi wa namna hiyo hawashindwi na ngao. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kuonyeshwa kipi kimetoka kiwandani na kipi kimefungwa yadini. Cha ndani, kama difu loki, ni vizuri kije na gari, maana kukifunga baadaye ni gharama na kunaweza kukupokonya waranti. Cha nje kinaweza kusubiri. Karatasi inayochanganya vyote kwenye jumla moja inakunyima uamuzi huo.

Majina ya madaraja nayo hayatoshi. Chukua Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8 kama ilivyoboreshwa mwaka 2020. Yenye gia otomatiki ina nguvu ya kuzungusha magurudumu (torque) ya Nm 500, yenye manyuo Nm 420. Injini ni ile ile, kibandiko cha nyuma ni kile kile. Kipeperushi kikiandika 500 bila kutaja gia, mtu wa milimani anayeagiza manyuo atadhani anapata kitu ambacho hapati. Bodi nayo ni hivyo hivyo: dabo kebini ina takriban mita moja na nusu tu, wakati ya kebini moja inapita mita mbili. Ukibeba mikungu ya ndizi, tofauti hiyo unaihesabu kila siku ya soko.

Najua mawakala watasema pakiti zinapangwa na kiwanda, na kwamba soko letu ni dogo mno kuagiza gari moja moja kwa matakwa ya kila mteja. Ni kweli. Hata Marekani pakiti zipo, tena nyingi kuliko zetu. Pikapu ya Ford F-150 ina madaraja ya XL, XLT, Lariat na kuendelea, na ndani ya XLT peke yake kuna namba za pakiti kama 301A na 302A, ambapo vifaa vingine huvipati mpaka upande namba. Lakini kule kuna sheria ya mwaka 1958, iliyosukumwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, iliyoleta karatasi ya kubandikwa kwenye kioo cha gari jipya: bei ya msingi, bei ya kila kilichoongezwa, gharama ya kulisafirisha mpaka kwa muuzaji, kisha jumla. Pakiti ibaki kama kiwanda kinataka, ila bei yake ionekane.

Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ya kuisimamia. Tangu Machi 2025 kanuni za fedha za kigeni zinataka bidhaa zinazouzwa nchini zitajwe bei kwa shilingi, na hilo limetuondolea usumbufu mkubwa. Naiomba FCC iende mbele zaidi: iwape mawakala fomu moja ya proforma, yenye bei ya gari tupu, bei ya kila pakiti, ushuru, VAT, usajili, na vilivyofungwa yadini vikiwa peke yake.

Kabla fomu hiyo haijaja, usitoe kianzio mpaka upewe karatasi ya namna hiyo ikiwa na sahihi na mhuri, na tarehe ambayo bei itakoma. Ukiwa peke yako unaweza kukataliwa. Vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), vyama vya wafugaji, shule, parokia na kampuni za utalii zinazonunua magari mawili matatu kwa mpigo hazitakataliwa kirahisi, kwa hiyo waanze wao.