Kioo ya mlango imevunjwa: udai bima ama utoe mfukoni?

Ukivunjiwa kioo ya mlango hapa Nairobi, kabla hata hujamaliza kuokota vipande kwa kiti, kuna mtu ashakushauri: wachana na bima, shuka Kirinyaga Road utafute kioo, fundi aweke, maisha iendelee. Jirani atasema hivo, mwenye gereji atasema hivo, na hata ajenti aliyekuuzia hiyo bima mara nyingi atasema hivo hivo. Si ushauri mbaya, kuna siku nyingi uko sawa kabisa. Kitu inanisumbua ni kwamba unatolewa bila mtu kufungua sera, yaani ule mkataba wako wa bima, asome, na hesabu inayoubeba ni hesabu ya sehemu ingine ya bima, si ya vioo.

Hesabu yenyewe iko hivi. Bima ya komprehensivu ya gari ya kibinafsi, ile inayobeba hata gari yako mwenyewe, huwa na eksesi, yaani ile pesa unatoa wewe kwanza kabla kampuni iguse yake. Kampuni nyingi huiweka asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na kuna kiwango cha chini ambacho hawashuki, 15,000 ama 20,000 hivi. Sasa chukua gari ya 1,200,000. Asilimia 2.5 ni 30,000. Tuseme kioo pamoja na fundi ni 10,000. Ukidai kama uharibifu wa kawaida wa gari hulipwi hata shilingi, juu hiyo 10,000 yote imemezwa na eksesi yako, na juu ya hiyo umeacha rekodi kwamba ulidai, na mwaka ujao ukitafuta bei kwingine fomu inakuuliza ulidai mara ngapi na kwa nini. Ukiiangalia hivo, kweli, anayedai kioo ya 10,000 anajiumiza bure.

Lakini kioo kawaida haiko kwa hiyo sehemu kabisa. Sera nyingi za komprehensivu zina kifungu chake kando, kile watu wanaita tu "windskrini", na kina limiti yake, mara nyingi 30,000 ama 50,000 ambayo tayari iko ndani ya premiamu uliyolipa. Ukitaka limiti kubwa zaidi unaongeza kitu kama asilimia 10 ya kile kiasi umeongeza. Na ndani ya hiyo limiti eksesi kwa kawaida haikatwi.

Rudia hesabu sasa. Gari ni ile ile ya 1,200,000, kioo ni ile ile ya 10,000, mwizi ni yule yule. Ikiingizwa kama uharibifu wa gari unalipwa sufuri na unabaki na doa kwa rekodi. Ikiingizwa kwa kifungu cha vioo unalipiwa yote 10,000. Hakuna kitu kimebadilika barabarani, kilichobadilika ni mstari gani kwa fomu. Na watu wanaambiwa matokeo ya ule mstari wa kwanza kana kwamba ndio pekee uko. Mtu analipa premiamu ya asilimia 4 ya thamani ya gari, kwa hii gari yetu ni 48,000 kwa mwaka kabla ya zile tozo ndogo ndogo na stempu, halafu siku ile kitu kimoja alicholipia kimetokea anaambiwa na mwenye alimuuzia kwamba hii ni ndogo, usiguse. Hapo mimi sikubali. Kama ni ndogo si ndio hiyo limiti iliwekwa kwa sababu yake?

Punguzo la kutodai, lile la premiamu unalopewa ukimaliza mwaka bila kudai, nalo lina hadithi kama hiyo. Watu wanaogopa kulipoteza, na kwa klemu, yaani dai, kubwa hofu hiyo ni ya haki. Lakini maneno ya sera nyingi yanasema wazi kwamba kuvunjika kwa kioo peke yake, bila uharibifu mwingine, hakuhesabiwi dhidi ya hilo punguzo. Bila uharibifu mwingine, shika hapo, nitarudi.

Kwanza kuna mtego wa jina. Kwa sababu watu wote wanakiita windskrini, wengi wanaamini ni kioo ya mbele pekee. Sera zingine ziko hivo kweli, zimeandikwa kioo ya mbele tu na hazina nafasi ya kubishana. Lakini zingine zimeandika kioo ya mbele "na madirisha", na hayo maneno mawili ndio kusema kama kioo ya mlango iko ndani ama nje. Side mira usidhani zimeingia, hizo uliza kando, na taa vile vile. Na kama uko na thadi pati tupu hakuna kitu hapa, iko kwa ajili ya watu utakaoumiza na mali yao utakayoharibu, gari yako yenyewe haimo.

Turudi kwa "bila uharibifu mwingine", juu hapa upande wa pili una nguvu na siwezi kuuficha. Vioo nyingi hapa mjini hazivunjwi na jiwe, zinavunjwa na mtu anayetafuta bag. Gari imepakiwa Westlands ama Ngara jioni, mtu anapita, anarusha kipande cha ile kauri nyeupe ya plagi, na kioo yote inamwagika mara moja. Inamwagika hivo juu kioo ya mlango ni tofauti na ya mbele. Ya mbele ni vioo viwili vimegandishwa na plastiki katikati, ikipigwa inapasuka lakini inabaki imeshikana, na ufa mdogo unaweza kuzibwa. Ya mlango katika gari nyingi ni kioo moja iliyochomwa ikapozwa haraka ndio iwe ngumu, na mahali popote ikitobolewa na kitu kigumu na chenye ncha inageuka punje. Hakuna kuziba, ni kubadilisha tu. Sasa kama mwizi alivunja kioo akachukua bag akaenda, hiyo bado ni kioo peke yake. Lakini kama aling'oa kitasa, akakwaruza mlango na kitu, akatoa redio, kampuni ina haki ya kusema hii si klemu ya kioo tena, hii ni wizi ama uharibifu, na eksesi inarudi mezani na ile hesabu ya kwanza inakuwa ya kweli. Ndio maana piga picha kabla ya kufagia, za karibu na za mbali, zionyeshe mlango ni mzima. Na laptop iliyoenda na hiyo bag usiichanganye hapo. Bima ya gari kawaida haibebi vitu vyako vya mkononi, hizo zinaenda kwa bima ya vitu vya nyumbani kama unayo na kama ile sehemu ya vitu unavyotembea navyo ulilipia. Watu wengi wanaandika laptop kwa barua ya klemu ya gari, na kitu cha siku moja kinageuka mabishano ya mwezi.

Muda sasa. Hapa mfuko unashinda bima na hakuna kupinga. Kirinyaga Road ama Industrial Area ukifika na jina la gari na mwaka wake unaweza kuondoka siku hiyo hiyo kioo ikiwa mahali yake. Bima inataka fomu, picha, mara nyingi abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha uliripoti, kama ni wizi, bei kutoka kwa mwenye vioo wanayemtambua, halafu idhini. Kwa kioo kampuni nzuri humaliza haraka, lakini sheria yenyewe ya bima, kifungu cha 203, inawapa mpaka siku 90 kulipa klemu, na hakuna mtu anaweza kulala siku 90 na karatasi ya nailoni kwa mlango, sanasana Aprili mvua ikinyesha na gari inalala nje ya geti. Anayetumia gari kwa kazi kila siku hawezi kungoja, na sioni mtu wa kumlaumu akilipa tu. Ila hata huyo kuna kitu anaweza kufanya: kupigia kampuni kwanza, akubaliwe kwa maandishi aweke kioo mwenyewe halafu arudishiwe, na achukue risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, juu risiti ya kuandikwa kwa mkono inaweza kumrudisha nyuma.

Bei ya fundi nayo inahitaji kuangaliwa vizuri kuliko venye watu wanaiangalia. Ile bei rahisi unayoambiwa mara nyingi ni ya kioo iliyotoka kwa gari ingine, eks-Japani, na hiyo haina ubaya, zingine ni nzuri kabisa. Lakini punje za kioo ya zamani zimeingia ndani ya mlango, zimekaa chini ya mashine ya dirisha na kwa mpira wa reli, na fundi aliye na haraka hafungui mlango wote kuzitoa. Wiki mbili baadaye kioo mpya ina mikwaruzo ya kusimama juu mpaka chini, ama mashine inalia. Tinti nayo ni pesa ingine. Kuchora namba ya gari kwa kioo, kama zile zingine zimechorwa, ni ingine. Ukijumlisha hivo, 10,000 iliyokuwa bei ya kioo imeshapanda, na kule kwa klemu kazi ya kusafisha mlango iko ndani ya bei iliyopitishwa na kuna mtu wa kurudia ikiharibika.

Hoja nzito zaidi ya wale wanaosema usidai, na ni ajabu wao wenyewe huitaja mara chache, ni kwamba limiti ya vioo ikitumika inapungua. Ukitoa 10,000 kwa 50,000 umebaki na 40,000 mpaka mwaka uishe, isipokuwa uirudishe. Halafu Desemba unaenda shags, lori inatupa jiwe hapo kabla ya Naivasha, kioo ya mbele inapasuka, na kwa gari zenye kamera na sensa kwa kioo hiyo 40,000 inaweza kukosa kutosha. Ni hofu ya kweli. Lakini kurudisha limiti kwa kawaida kunapigwa kwa ile ile asilimia 10, kwa hivyo kurudisha 10,000 ni kama 1,000. Nimeizungusha hii kwa kichwa sana na kila mara inatoka pale pale: unalipa 1,000 kubaki na ulinzi wako mzima, ama unalipa 10,000 kuulinda huo ulinzi usiguswe. Wengi wetu tunachagua ya pili, juu ya kwanza hakuna mtu alituambia iko.

Kuna pia wale wanaosema klemu ndogo ndogo ndizo zinapandishia sisi sote bei. Ni kweli bima ya gari za kibinafsi hapa Kenya imekuwa ya hasara kwa kampuni kwa miaka mingi, ripoti za mamlaka ya bima, IRA, zimeonyesha hivo mwaka baada ya mwaka. Lakini kuweka huo mzigo kwa kioo ya mlango, ambayo ina limiti yake iliyopangiwa bei na picha za kuithibitisha, si haki. Gari inayogongwa na bei ya gereji ikaongezwa mara mbili, majeruhi ambaye hakuwa ndani ya gari, hizo ndizo zinakula premiamu yako.

Sehemu moja ambayo hata mimi ningenyamaza nisidai bila kusoma kwanza ni kioo iliyovunjwa siku ya maandamano. Baada ya Juni 2024 wengi walijifunza hii kwa uchungu: bima ya kawaida mara nyingi inaondoa ghasia na vurugu za kisiasa, na inabidi uwe umenunua nyongeza yake, ambayo mara nyingi ni kama robo asilimia ya thamani ya gari, na nayo ina kiwango chake cha chini. Kama hukuinunua, kifungu cha vioo hakitakuokoa, na ukisema uongo kuhusu siku ama mahali umeweka hatarini hata ile bima iliyobaki.

Kwa hivyo kwa kioo ndogo ya kona ya Vitz ama Probox, iliyopatikana eks-Japani kwa bei ndogo, na unahitaji gari kesho asubuhi, lipa uende. Kwa Forester, X-Trail, Prado, ama gari yoyote ya Ulaya ambayo kioo inaagizwa, ama mlango ambao mashine yake pia imeguswa na punje, dai, na udai ukitaja kifungu chenyewe ili karani asiiweke kwa uharibifu wa kawaida.

Na wengi hawawezi kukitaja juu hawana sera. Walichonacho ni cheti, na tangu cheti ziwe za dijitali kinakaa tu kwa simu, kinaonyesha namba ya gari, tarehe na aina ya bima, hakisemi kitu kuhusu vioo. Wenye gari za mkopo ndio wamekwama zaidi, sera imetumwa benki na wao hawajawahi kuiona hata ukurasa mmoja. Hiyo karatasi ni yako. Andikia broka ama benki barua pepe uombe sera nzima pamoja na ile skedyuli yenye limiti, na ukiipata tafuta kwanza kama baada ya kioo ya mbele wameandika madirisha.