Joto la Nini Mombasa? Nipeni Barafu

Alhamisi iliyopita stima ilipotea baada ya alasiri. Nikajua ni yale mambo yetu ya nusu saa, nikafunika friza ya samaki wangu wa kuuza kwa blanketi zee na magunia mawili, nikapiga marufuku mtu yeyote asiifungue. Magharibi ikapita, isha ikapita, kila nikipiga simu naambiwa mafundi wako njiani, hiyo njia sijui ni ya kwenda wapi. Alfajiri bado giza, maji mekundu yashatoka chini ya friza mpaka mlangoni, na paka wa mtaa mzima wamekaa kitako nje kama wageni wa harusi wanaongoja pilau. Changu, tafi, na nguru mmoja mkubwa aliyewekewa oda na mpishi. Wachache tulikaanga usiku ule ule kwa tochi ya simu, wengine nikagawia majirani, waliobaki nimewapeleka jaani mwenyewe kwa mkokoteni. Na huu ndio mji ulioanza kuwasha taa 1908, kwa jenereta ya mtumba iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar. Siku zingine naona kama ni ile ile bado.

Sasa katikati ya balaa hilo, mtoto wa ndugu yangu, anayesomea uinjinia, anitumia makala ndefu. "Ami, soma hii, ni kuhusu kuunganisha mtandao wa stima, wa gesi na wa joto, ndio kaboni, hewa chafu inayopasha dunia moto, ipungue." Wa joto! Kaskazi hii, watu wanalala sakafuni manake godoro lachoma mgongo, mimi nasoma mambo ya kupasha nyumba moto. Nilicheka peke yangu gizani.

Halafu nikaacha kucheka. Kule Denmark karibu thuluthi mbili ya nyumba zinapata joto kwa bomba, maji ya moto yanapita chini ya barabara kama haya yetu ya mferejini (yetu yakija). Upepo ukivuma sana na stima ikizidi, hawaitupi, wanachemshia maji, wanayaweka kwenye matangi makubwa yatumike kesho. Pale Esbjerg, mji wa bandari kama sisi, walifunga mtambo wa makaa ya mawe wakaweka pampu za kunyonya joto kutoka baharini. Bahari ya kwao ile ya kugonganisha meno! Yetu iko vuguvugu kama chai iliyosahaulika, na kazi yake ni kuogelea ufuo wa Pirates Jumapili.

Lakini kosa letu ni kusoma neno joto tukafunga karatasi. Sisi hatuna haja ya joto, tuna haja ya baridi, na hesabu ni ile ile. Babu yangu alikuwa na duka ng'ambo ya Likoni kabla stima haijafika huko, na ndani kulikuwa na friji ya mafuta ya taa. Chini tambi na moto wa buluu, juu soda za baridi. Sisi watoto tulikuwa twalala kifudifudi tuutizame ule moto, tunamuuliza vipi moto wagandisha maji, yeye jibu lake moja tu, "Usipulize." Nimekuja kuelewa ukubwani: moto unaitenga amonia, ile gesi ya harufu kali, na maji, amonia inazunguka huko juu inafyonza joto la ndani, inarudi tena kwenye maji yake, basi. Hakuna kompresa, hakuna kelele. Kitu hicho hicho kinatengenezwa kwa ukubwa wa kiwanda na kinaendeshwa na joto ambalo vinginevyo lingekwenda na moshi. Na pale Kipevu, kwenye mitambo ya stima ya hapa Mombasa, zile injini za mafuta mazito zikiwashwa, sehemu kubwa ya kile kilichomo kwenye mafuta haitoki kama stima, inatoka kama joto, yapanda juu au yaenda na maji ya kupozea. Ng'ambo tu ya maji, Mtongwe, mvuvi azunguka na kijisanduku chake akitafuta barafu.

Nilipompigia kijana kumpa hii akili yangu akaniambia, "Ami, mitambo ya mafuta mazito ndiyo twataka izimwe, utajengaje kiwanda cha barafu juu ya kitu kinachokufa?" Haya. Kwa hilo amenishinda, na sikupenda.

Ila na mimi nikamuuliza, na mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, je? Sehemu kubwa ya stima ya nchi hii inatoka ardhini kule, na mvuke haujui kulala. Sisi tukilala matumizi yanashuka, gridi haina pa kuipeleka hiyo stima, mvuke unaachiliwa hewani. Mvuke uliochimbwa kwa mabilioni ya mikopo! Viwanda vikubwa walifikiriwa, tangu Desemba 2017 ile ziada wanayotumia kupita kiwango walichowekewa, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi wanauziwa kama nusu bei. Mimi mwenye friza mbili na tokeni ya nyumbani, saa nane ya usiku nalipa vile vile nilivyolipa saa moja jioni wakati Kenya nzima yapika. Kwa nini? Barafu niliyoigandisha saa nane ya usiku wa manane ni stima ya Olkaria iliyokaa kwenye sanduku, naiuza saa sita mchana jua likiwa utosini. Wadenmark wana matangi ya maji moto, mimi nina friza. Nipeni bei ya usiku niwajazie samaki wa pwani yote barafu, sitaki msaada, sitaki semina, sitaki fulana!

Na msiniambie hapa kwetu haiwezekani. Naivasha kuna shamba la maua lililopasha nyumba zake za maua kwa joto la kisima cha mvuke, miaka na miaka. Sina wivu na maua, yanaleta dola. Lakini waridi limepata joto lake, na nguru wangu amekwenda na paka.

Mtu akitaka kuona hiyo mitandao mitatu ikiunganishwa aje jikoni kwa mamangu. Ana seredani, ana mtungi wa kilo sita, ana jagi ya stima, na anahama kutoka moja hadi nyingine kwa bei ya siku hiyo. Julai 2021 gesi ilipowekewa VAT ya asilimia 16 alirudi kwenye makaa wiki ile ile, macho mekundu, kifua chabana, 2022 ikapunguzwa, 2023 ikaondolewa, naye akarudi kwenye gesi bila kuambiwa na mtu. Seredani hakuitupa. "Mwanangu, gesi yaisha, stima yazimika, makaa hayazimiki bila ruhusa yangu." Wale wanaopanga stima na wale wanaopanga gesi sijui kama washawahi kukaa meza moja, yeye anawakalisha kila asubuhi kabla mahamri hayajaumuka.

Lile bomba la gesi asilia kutoka Dar mpaka hapa, walilokubaliana Mei 2021, likija lije. Gesi ni afadhali ya makaa, ingawa nayo ina kaboni yake.

Kijana amenitumia mchoro, mishale ya rangi tatu, stima, gesi, joto, visanduku vizuri. Nikamuuliza barafu iko wapi hapo. Akasema, "Tutaiweka, ami, nipe wiki moja." Leo asubuhi nimenunua vipande vinne kutoka Likoni, hadi feri imevuka na tuktuk imenifikisha nyumbani, vimebaki viwili na ndoo ya maji.