Mgeni Rasmi Asiye na Ahadi

Mwaka juzi nilimpigia mama simu Tanga nikamwambia kwamba Jumamosi tutatembelewa na Sherifu Mkuu wa kaunti yetu hapa Uingereza. Baada ya shikamoo, marahaba na habari za miguu yake, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sharifu huyo wa wapi, wa Lamu? Mmemwandalia nini?"

"La, mama. Si sharifu. Sherifu."

"Wa bastola?"

Mama alikulia enzi za sinema za makauboi, kwa hiyo sherifu anayemjua yeye ni yule wa Marekani, nyota kifuani na farasi kafungwa mlangoni. Ikabidi nimweleze kwamba huyu wa kwetu hana bastola, hana askari, hana mshahara, na mtu hakamati. "Sasa anakuja kufanya nini?" Nikafungua kinywa kujibu, nikaona sina jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta.

Cheo chenyewe ni cha zamani mno. Kilikuwapo kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, na jina lake limetokana na maneno mawili ya kale yenye maana ya msimamizi wa jimbo. Wakati huo sherifu ndiye alikuwa serikali. Kodi za mfalme anakusanya yeye, watu wa kwenda vitani anawaita yeye, mwizi anamsaka yeye, na kesi anasikiliza yeye. Mtu anayekutoza kodi huku funguo za jela ziko kiunoni mwake hawezi kupendwa. Mwaka 1170 Mfalme Henry II aliagiza masherifu wake wachunguzwe, na wengi wakapoteza kazi. Mwaka 1215, mabwana wakubwa walipombana Mfalme John akubali Magna Carta, mkataba wa kumwekea mfalme mipaka, masherifu walitajwa humo tena na tena. Kifungu cha 30 kinamkataza sherifu kuchukua farasi au mkokoteni wa mtu huru bila ridhaa yake. Kifungu cha 50 hakikuona haya, kinataja watu kwa majina kwamba waondolewe madarakani, akiwamo Philip Mark, sherifu wa Nottingham. Wapo wanaosema yule sherifu muovu wa hadithi za Robin Hood, jambazi wa msituni anayewaibia matajiri na kuwapa maskini, ni yeye. Mimi naona masherifu waovu walikuwa wengi kiasi kwamba mtunzi hakuhitaji mfano mmoja.

Kisha wakamng'oa meno, moja baada ya jingine. Mambo ya jeshi alipewa Lodi Luteni, mwakilishi wa mfalme katika kaunti, tangu zama za wafalme wa ukoo wa Tudor. Kodi zikaenda kwa wakusanya kodi, wahalifu wakaenda kwa polisi. Lililochelewa kutoka ni jino baya kuliko yote: mtu akihukumiwa kunyongwa, aliyewajibika kisheria kuhakikisha ananyongwa ni sherifu, na watu wa mwisho kunyongwa nchi hii walinyongwa Agosti 1964. Hata kazi ya kutekeleza amri za Mahakama Kuu dhidi ya wadaiwa, ile ambayo kwetu tungesema ya madalali wa mahakama, imeshapewa maafisa wengine. Mwaka 1974 wakamwongezea neno "Mkuu" kwenye cheo, wakati ambapo ukuu wenyewe ulikuwa umeshakwisha.

Kilichobaki ni sherehe, na sherehe zao zinanifurahisha kwa sababu hazioni aibu kuwa za ajabu. Kila tarehe 12 Novemba, katika Mahakama za Kifalme zilizoko Strand, London, afisa anayeitwa Mkumbushi wa Mfalme husimamia usomaji wa majina ya watu watatu kwa karibu kila kaunti. Machi inayofuata orodha hupelekwa mbele ya Mfalme na baraza lake. Mfalme hatii saini wala hapigi muhuri. Anachukua kitu kama shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka, akadunga tundu kando ya jina kwenye ngozi iliyoandikwa orodha hiyo. Ipo hadithi kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa bustanini akidarizi orodha ilipoletwa, kalamu haipo, akatumia alichokuwa nacho mkononi. Hadithi tamu, ila orodha zilishaanza kudungwa kabla yake. Maelezo ninayoyapenda zaidi ni haya: cheo kilikuwa na gharama kubwa kwa mwenye nacho, watu wakawa wanakikwepa, na wino unaweza kukwanguliwa. Tundu halikwanguliki.

Hapo ndipo penye kichekesho. Kwetu watu hukopa, huuza shamba, wengine huenda kwa mganga ili wapate cheo. Hawa walihitaji kudungwa na sindano ili wakubali.

Aliyedungwa hula kiapo na kutumikia mwaka mmoja tu. Maneno ya kiapo yamo katika Sheria ya Masherifu ya mwaka 1887: atamtendea haki maskini sawa na tajiri, wala hatamdhulumu mtu kwa zawadi, kwa ahadi, kwa upendeleo wala kwa chuki. Kisha inafuata orodha ya kazi zake. Anawakirimu majaji wa Mahakama Kuu wanapokuja kusikiliza kesi katika kaunti, na mara nyingine huketi kando yao kizimba kikiwa na mtu. Anakuwapo familia ya kifalme inapozuru. Kwa majimbo ya uchaguzi ya kaunti yeye ndiye msimamizi wa uchaguzi wa wabunge kwa jina, ingawa kazi yote inafanywa na kaimu, naye akitaka hubakiza haki ya kutangaza matokeo usiku ule. Siku nyingi zilizosalia huenda magereza, vituo vya polisi, hospitali, vilabu vya vijana na kwa watu wa kujitolea kama sisi, akisalimia, akisikiliza, akigawa vyeti. Uingereza na Wales wako 55 wa namna hiyo. Hawalipwi hata senti, na mafuta ya gari ni yao.

Ndiyo Jumamosi ile akaja kwetu. Tuna ukumbi wa kanisa tunaogawia chakula kwa wenye shida, na wengi wa wanaojitolea ni watu wa kwetu: Tanga, Mombasa, Unguja, Bujumbura, Bukavu. Akashuka garini peke yake, hana msafara. Koti jeusi la mahameli lenye vifungo vya chuma vinavyometameta, suruali ya kukomea magotini, soksi ndefu, viatu vyenye bizimu, lesi inaning'inia shingoni, upanga ubavuni. Mtoto mmoja wa Kirundi, umri kama miaka saba, akamwendea moja kwa moja akamuuliza ameshaua watu wangapi. Akasema, "Bado hata mmoja, na muda wangu ni mwaka mmoja tu."

Tulikuwa tumejipanga kama tunavyojua. Yaani tuliandika risala. Mtu aliyesoma shule za kwetu anajua risala inavyokwenda: ndugu mgeni rasmi, kwanza tunakukaribisha, pili mafanikio, tatu changamoto, na changamoto ndiyo sehemu yenye mwili. Zetu zilikuwa nne, ya kwanza ikiwa friza iliyokufa tangu Pasaka. Alisikiliza akiwa amesimama mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba hana fungu la fedha wala mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote, na kwamba hapendi kuahidi asichokuwa nacho.

Ukumbi ukapoa. Mimi nimekulia kwenye viwanja vya shule ambako tulisimamishwa juani tangu saa tatu asubuhi tukimngoja mgeni rasmi afike saa nane, aahidi mabati mia, apigiwe makofi, na mabati tusiyaone. Nilishtuka kugundua kwamba hata hivyo nilikuwa naisubiri ile ahadi. Ahadi ya uongo ina joto lake.

Alipogeuka kumsalimia Bi Mkubwa wetu wa jikoni, ala ya upanga ikagonga mguu wa meza ya kukunja, na mnara wa makopo ya maharage ukaporomoka wote. Akapiga magoti na mahameli yake akaanza kuyaokota, na Bi Mkubwa, Mzanzibari aliyeingia nchi hii kabla sijazaliwa, akachuchumaa naye. Pale chini, kopo kwa kopo, wakaanza kuzungumza. Bi Mkubwa akamweleza habari za jirani yake mwanamke wa Pemba aliyekuwa na kesi: mahakama ilimletea mkalimani wa Kiswahili, mkalimani akatokea kuwa kijana wa Bukavu, na siku nzima mama wa watu akawa anaitikia "ndiyo" kwa mambo asiyoyaelewa. Kwenye karatasi lugha ni moja. Mle ndani ya chumba hawakuelewana.

Hilo halikuwamo kwenye risala. Tulikuwa tumeandika friza.

Wiki tatu baadaye Bi Mkubwa akaletewa barua ya sherifu iliyoandikwa kwa mkono, ya shukrani, na ndani yake mwaliko wa chai. Mimi nilimsindikiza kama dereva. Mezani alikuwapo jaji, afisa wa polisi na mtu wa huduma za wafungwa wanaotoka jela, na Bi Mkubwa akaketishwa ubavuni kwa jaji. Akalirudia lile jambo la mkalimani kwa utulivu, kama mtu anayeeleza namna ya kuosha mchele. Jaji akatoa kalamu akauliza: mtu atajuaje tofauti, na aulize swali gani kabla kesi haijaanza? Bi Mkubwa akamjibu: "Muulize anatoka wapi, kisha waache wazungumze dakika tano bila wewe. Wakicheka pamoja, wanaelewana."

Jaji mwenyewe asingefika kwenye ukumbi wetu kamwe, na Bi Mkubwa asingebisha hodi kwake. Diwani angeweza kuwakutanisha, lakini diwani anataka kura, na polisi akituita sisi tunakimbia. Alihitajika mtu ambaye hana la kutupa na hana la kutunyima. Kwa hiyo mimi siwaungi mkono wanaosema cheo hiki ni upuuzi wa mahameli kifutwe. Yule aliyekuwa akichukua mikokoteni ya watu alichukuliwa kila kitu ila haki ya kualika, na haki hiyo akiitumia vizuri ina faida.

Ila nina ugomvi na mlango wa kuingilia. Kujigharamia mwaka mzima ni jambo jema mpaka uulize nani anaweza. Muuguzi hawezi. Dereva wa basi hawezi, hata akiruhusiwa likizo. Majina huandaliwa na jopo la kaunti miaka kadhaa kabla ya kufika kwa Mfalme, na ukitazama ukuta wenye picha za waliotangulia, sura zinafanana kama za ukoo mmoja, na baadhi kweli ni ukoo mmoja. Mambo yanabadilika polepole. Peaches Golding, mwanamke mweusi mzaliwa wa Marekani, alikuwa Sherifu Mkuu wa Bristol mwaka 2010, na mwaka 2017 akawa Lodi Luteni wa huko. Wanawake nao si wageni humo: Nicola de la Haye alipewa usherifu wa Lincolnshire mwaka 1216 na Mfalme John yule yule. Lakini fedha bado ndiyo bawabu. Wenzangu wanasema alipwe mshahara. Nakataa, kwa sababu siku kitakapokuwa na mshahara watu watakigombania, kisha itakuja misafara na ahadi za mabati. Mimi ningependa kila kaunti iwe na kifuko kidogo cha nauli na sare kwa anayestahili asiye na uwezo, basi. Koti wanaweza hata kuazimana, na wapo wanaofanya hivyo.

Mama nilimpelekea picha. Aliitazama siku mbili kabla ya kunipigia. "Huyu amevaa kama bwana harusi," akasema. "Na friza?"

Friza tulichangishana wenyewe, ikaja Desemba. Barua ya Bi Mkubwa tuliitia kwenye fremu, imetundikwa juu yake. Wiki iliyopita sherifu mpya, mwanamke safari hii, ametuandikia akiomba kuja, na ameuliza kama tungependa avae rasmi. Kamati imejibu kwamba watoto watamnunia akija bila upanga. Meza ya makopo nimeshaisukuma ukutani, na risala nimeambiwa nisiandike.