Mashua Kumi na Nne za Jumapili

Kosa lenyewe ni neno moja, na mpaka leo nailaumu kamusi.

Mama mdogo ni mweka hazina wa chama cha kina mama wachuuzi wa samaki pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Kisumu. Wako 31. Walichoka kupigiana simu alfajiri kuulizana kama mashua zimefika, basi akaniambia, "Wewe si unashinda kwa kompyuta mchana kutwa? Tutengenezee kitu cha kutuita." Nikakubali kwa mbwembwe zote. Programu nikaiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, kuijenga nikaiachia zana iitwayo Maven.

Maven huichukua programu ikiwa msimbo mbichi na kuifikisha pahali inaweza kutumika, kwa hatua ambazo imezipanga yenyewe. Mzunguko wake mkuu una hatua 23. Ukiitaja moja, zote zilizoitangulia zinapita kwanza, utake usitake. Ni kama hoteli za samaki hapa kwetu: ukiagiza wa kukaanga, ujue ameshapaliwa magamba, amepasuliwa na kutiwa chumvi, hata kama wewe ulitaja ugali tu na kukaanga. Ruhusa uliyo nayo ni kuchomeka kazi yako kwenye hatua mojawapo. Unaandika ndani ya faili la pom.xml kwamba plugini fulani, yaani kijiprogramu cha ziada, ikifika hapa, ifanye hivi.

Kazi yangu ilikuwa kiskripti cha kujaribu ujumbe: "Mashua nambari 1 imetia nanga Dunga. Njooni na karai." Nambari ilipanda kila kilipoendeshwa, ili nisichanganye jaribio hili na lile. Nilitaka kiende mwishoni, programu ikishafungashwa na kuhakikiwa. Sasa, kwenye zile hatua kuna validate na kuna verify. Nikafungua kamusi. Validate, thibitisha. Verify, thibitisha. Nikasema hawa ni mapacha, nikamchukua wa juu. Kumbe verify iko kule nyuma, baada ya kufungasha. Validate ndiye bawabu: anakukuta mlangoni kabla msimbo haujaguswa hata herufi moja.

Usiku wa Jumamosi, kwa kiherehere cha uzinduzi wa Jumatatu, nikatoa nambari yangu ya simu kwenye orodha ya wapokeaji na kuweka zile 31 za kweli.

Jumapili saa nne asubuhi niko chumbani Nyalenda, kikombe cha chai mkononi, najenga. BUILD FAILURE. Msimbo haukukusanyika. Nikarekebisha, nikarudia. BUILD FAILURE. Kosa lilikuwa pahali nimeandika Ngege kwa herufi kubwa na kwingine ngege kwa ndogo, na kwa Java hao ni samaki wawili wasiojuana. Nilisumbuka nao karibu saa nzima. Moyoni nilikuwa na amani, maana kitu kilichoshindwa kujengwa kitamtumia nani ujumbe? Jibu ni kina mama 31. Bawabu alikuwa anapiga kengele kila nilipobisha, hata kama ndani ya nyumba kunaungua.

Simu yangu ilikuwa kwa chaji, sauti nimeizima.

Yaliyotokea kanisani niliyasikia baadaye. Mchungaji alikuwa kwa Simoni Petro na nyavu zake, naapa sikulitunga hili, wakati mulika mwizi ya Mama mdogo ilipolia mkobani. Kisha ya jirani yake. Kisha benchi zima. Wakavumilia mashua tatu za kwanza. Petro alijaza mbili tu. Dunga walipofika sita, kina mama wakaanza kutoka mmoja mmoja, wameinama kama watu wanaoenda msalani. Ya kumi haikumbakiza hata mmoja. Kwaya ikabaki na sauti za wanaume peke yake.

Nilipochukua simu nikakuta amenipigia mara 22. Nikapiga.

"Uko wapi?" akauliza, kwa ule utulivu unaotisha.

"Niko nyumbani, Mama mdogo. Kuna shida?"

"Kuja Dunga. Kuja na hiyo kompyuta."

Nikaruka boda. Ufukweni palikuwa na mashua mbili zimepinduliwa kukaushwa, korongo wawili, na kina mama 31 wenye nguo za kanisani, kila mmoja na karai lake. Kando yao, pikapu. Mama mdogo alikuwa ameikodi ikiwa imejaa barafu, kwa sababu samaki wa mashua kumi na nne wangeoza bila barafu, na mtu mwenye akili hasubiri kuambiwa. Ilikuwa inayeyuka. Maji yalitiririka kutoka nyuma, tone, tone, tone, yakachora mfereji mwembamba mpaka ziwani. Dereva alikuwa ameegemea mlango akihesabu masaa yake.

Nikajieleza. Nikataja validate, nikataja verify, nikataja na kamusi. Mama mdogo akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na barafu nayo iko kwa hatua gani?"

Nikalipa barafu. Nikalipa na pikapu. Ndipo nikafanya lile jambo ambalo hadi leo silielewi: nikafungua laptopu juu ya karai lililofudikizwa, nikafuta validate, nikaandika deploy ile ya mwisho kabisa, nikawaambia wasogee wajionee wenyewe kwamba sasa imetulia. Nikajenga.

Sikuwa nimehifadhi faili.

Simu 31 zikalia kwa pamoja, korongo wakaruka. Kimya kikatanda. Kisha mama mmoja mzee, wa nyuma kabisa, akaiweka simu mbali na macho, akasoma polepole, akaniangalia.

"Hii ya kumi na tano," akasema, "imebeba mbuta ama ni omena?"