Aliuza roho au alikuwa na mwalimu?

Stori ya Robert Johnson wapenzi wa gitaa wengi wanaijua, jamaa wa Mississippi huko Marekani, kazaliwa 1911, mwanzoni anapiga gitaa vibaya mpaka wakubwa wanamfukuza jukwaani, akapotea kidogo, karudi anapiga vitu vya kutisha. Watu wakasema huyu alienda njia panda usiku wa manane, shetani akamtunia gitaa, roho ndo ikawa malipo. Akarekodi nyimbo 29 tu, San Antonio 1936 na Dallas 1937, Agosti 1938 kafa ana miaka 27, na inasemekana alitiliwa sumu. Haya, deni limelipwa.

Sasa mtu wa Tanga umwambie hiyo ni stori ya kizungu? Hapa njia panda ndo panapovunjwa nazi. Ukiileta kijiweni Ngamiani hutamaliza, washakwambia jamaa alikuwa na ndagu, ile dawa ya mganga ya kupata mafanikio, na masharti yakamshinda.

Na mimi siwacheki hao. Mapango ya Amboni mpaka leo watu wanaenda kutambika na sadaka wanaacha, sio mambo ya kuhadithiwa. Halafu huu mji umelelewa na mashindano ya muziki, Black Star na Lucky Star kwenye taarab, Atomic na Jamhuri kwenye dansi, na panapokuwa na upinzani wa hivyo huwezi kuwazuia watu wasiseme fulani kaenda kwa mganga, kama wanavyosema kwenye mpira. Kiukweli wengine wanaenda. Kijana anaogopa watu, mkono unatetemeka, kafungwa hirizi akaambiwa wewe sasa hakuna wa kukugusa, kapanda jukwaani kapiga vizuri. Utamwambia nini huyo? Kwake imefanya kazi, na mganga alichomtoa ni woga, ila solo alikuwa nalo tangu nyumbani.

Shida yangu inaanzia hapo kwenye "tangu nyumbani". Maana huyo Johnson kumbe kipindi alichopotea hakuwa na shetani, alikuwa kwa mtu anaitwa Ike Zimmerman, mpiga gitaa mwenye mke na watoto, akamkaribisha kwake akamfundisha, na usiku walikuwa wanaenda kupigia makaburini kwa sababu huko hawamsumbui mtu. Basi! Mtu kakuona unatoka makaburini usiku na gitaa mgongoni, we unategemea aseme nini asubuhi? Na ile njia panda yenyewe mwanzo ilikuwa inasimuliwa kuhusu Tommy Johnson, mpiga gitaa mwingine kabisa, watu wakaja kumvisha Robert. Yaani hata mkataba wenyewe ni wa kuazima.

Ukikaa karibu na mpiga gitaa wa kweli muangalie vidole vya mkono wa kushoto, ncha zote sugu, ngumu kama kisigino, na katikati ya sugu kuna kamstari waya ulipokaa. Ndagu haitoi sugu. Hiyo inatoka kwa kurudia kipande kimoja toka baada ya alasiri mpaka jirani anapiga ukuta, na kuna mzee pembeni anasema hapana, rudia, umewahi.

Kuna upande mwingine watu wanaupitia juujuu, kwamba haya maneno yana mwenye kuumia. Paganini, yule mpiga fidla wa Italia, alivumishiwa shetani maisha yake yote, kafa 1840 huko Nice bila sakramenti, askofu akagoma asizikwe kwenye makaburi ya Kanisa, mwili ukahamishwa hamishwa mpaka 1876 ndo ukatulia Parma. Huyo maiti tu. Kwetu anaumia aliye hai: msanii katoka kimaisha, bahati mbaya kafiwa na mtoto, hata tanga halijaanuliwa watu washaanza kunong'ona "si unaona, kamtoa kafara". Mama wa mtoto yupo humo humo ndani anasikia. Hapo naona hata kama unaamini nguvu za giza zipo, na mimi sikukatazi, hiyo haikupi ruhusa ya kumfanya mfiwa awe muuaji kwa sababu tu mwanamuziki anajua kazi yake.

Wasanii nao sio malaika, siku hizi wapo wanaotafuta kiki kwa hayo hayo, anavaa mapete makubwa, anajichora macho kwenye kiganja, akiulizwa uko chama gani cha siri anacheka tu hakatai wala hakubali, maana tetesi zinajaza ukumbi kuliko tangazo. Anaona amewaweza. Ila watu wakishaamini kipaji kimetoka kuzimu, yule mzee wa "rudia, umewahi" hakuna atakayemtaja, siku ya shoo akifika mlangoni anaambiwa mzee kakate tiketi.