Naogopa vitundu, halafu nikapelekwa Unguja mwezi wa Ramadhani

Kuna watu wanaogopa nyoka, wengine giza, wengine wakwe zao. Mimi naogopa vitundu. Si shimo la choo wala kisima, naongelea vile vidogo vidogo vilivyobanana sehemu moja, sega la nyuki, dodoki na mambo kama hayo, yaani nikiviona tu mwili unasisimka kuanzia kisogoni, nakuna mikono mpaka inawaka, na akili inaniambia humo ndani kuna kitu kinachungulia. Nyumbani Morogoro mama alisema ni deko. Kaka yangu yeye aliona fursa, asubuhi akitaka niamke anatundika dodoki la kuogea kwenye kitasa cha mlango wangu basi kazi imeisha.

Siku hizi najua kina jina, tripofobia, na mwaka 2013 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, Geoff Cole na Arnold Wilkins, waliandika kwamba waliwaonyesha watu picha ya vitundu vya mbegu za ua la lotus na kama 16 kati ya kila 100 ikawachefua. Ila wakati huo nipo kidato cha pili habari hizo sina, na hata ningekuwa nazo, nani aende kumweleza bibi wa Mji Mkongwe mambo ya Essex?

Basi likizo ikaangukia Ramadhani, nikapelekwa kwa mamdogo, kaolewa Unguja. Hakuna aliyeniambia kwamba nyumba za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Tumbawe linatoka baharini jamani, lina vitundu mwanzo mwisho! Chokaa ikiwa imeshika ukutani huna shida, lakini nyumba ya miaka mingi chokaa inabanduka, na chumbani kwangu ilichagua kubanduka pale pale juu ya mto. Nikaomba kanga nikaitundika ukutani, mamdogo akafurahi eti kijana anapenda mapambo.

Ukuta sawa, sasa futari. Mwenye nyumba ni mama mkwe wa mamdogo, tulimwita Bibi, na sifa yake mtaa mzima ni chila. Mchele unarowekwa, unasagwa na tui la nazi, unatiwa hamira, sukari na hiliki, unaachwa uumuke, ukimiminwa kwenye chuma cha moto yale mapovu yanapasuka juu yanaacha matundu, na chila bila matundu mpishi anaona haya mpaka Idd. Kwa hiyo mama wa watu anayatafuta kwa jasho, mgeni wake anayakimbia. Nilichokuwa nafanya, naikunja matundu yaingie ndani, nafumba macho, natia mdomoni. Tamu balaa, siwezi kudanganya. Bibi akiona nimefumba macho anajua nimenogewa, ananiongeza nyingine.

Jioni moja ikatoka chila ambayo nadhani hata yeye mwenyewe hakuitegemea. Akaja nayo mkononi bado ya moto, mvuke unapanda kwenye kila kitundu, akanisogezea mpaka puani. "Tizama mjukuu wangu, tizama matundu yake hayo, wallahi utasema nimeyatoboa kwa sindano!"

Nikaruka. Mkono ukatafuta pa kujishikia, vidole vikaingia kwenye tumbawe, nikaruka tena, na safari hii mguu ukatua kwenye bakuli la uji wa pilipili manga. Ule uji ulikuwa umetoka jikoni muda huo huo. Yowe nililopiga majirani waliacha tende mdomoni.

Bibi akaiweka chila chini taratibu. "Huyu mtoto ana kitu."

Bamdogo akajaribu kunitetea, "Mama, Ramadhani hii, mashetani si wamefungwa?"

"Wake kasahauliwa."

Baada ya tarawehe nikaitwa nifukizwe ubani. Sina neno na ubani, naupenda hata harufu yake, lakini chetezo chenyewe, khaa! Cha udongo, kimetobolewa pande zote, makaa mekundu ndani, kila kitundu kinanikodolea. Bibi kanishika shingo ananiambia inama uvute moshi. Nikachomoka. Zile ngazi za mbao zimesimama wima utadhani za kupandia mnazi, nusu yake nilizishuka kwa makalio, nikatokea mlangoni na spidi yangu yote, barazani wazee wanacheza bao.

Niwe mkweli, bao halinisumbui, mashimo yake 32 ni makubwa na yamepangwa kistaarabu. Tatizo sikuliona. Nikatua juu yake kwa tumbo, kete zikasambaa mpaka mtaroni, mzee aliyekuwa karibu ashinde akanyanyuka na bakora yake, na Bibi kule juu dirishani anapiga kelele, "Mshikeni huyo, hajesha kufukizwa!"

Aliyeniokoa ni yule mzee mwingine, aliyekuwa analiwa. Alikuwa ameshaanza kuokota kete haraka haraka huku anasema mchezo umevunjika, tunaanza upya. Akanivuta nyuma yake, akaniuliza nakimbia nini. Nikamwambia vitundu. Hata hakucheka. Akanibana mia tano mkononi, akaniinamia sikioni:

"Kesho kaa pale juu ngazini. Ukiniona nimevua kofia, kimbia tena."